Adeer Gedi na Mbuzi wa Lanta

Tangu turudi, kila ninapokaa kunywa chai karibu na soko la mifugo mnaniuliza jambo lile lile kwa njia tofauti. Kuna aliyesikia kwamba Adeer Gedi alikaa ufukweni mwezi mzima akitazama Wazungu walio uchi. Kuna aliyesikia kwamba alioa mjane wa huko. La kwanza lina ukweli kidogo. La pili halina, ila najua lilikotoka. Nimeona niandike yote mara moja, nipate kunywa chai yangu ikiwa bado moto.

Darajani, na kopo la nyirinyiri

Wengi wenu mnatujua, lakini karatasi hii huenda ikafika kwa watu wa mbali, kwa hiyo naanza na sisi wawili.

Adeer Gedi ni mfugaji, amepita miaka sabini, na tangu azaliwe amekuwa mtu wa ngamia na mbuzi. Adeer kwa Kisomali ni ami, ndugu wa baba, na hapa Garissa humwita hivyo mzee yeyote tunayemheshimu. Mimi naitwa Komora, ni Mmalakote, mtu wa mtoni. Baba yangu alilima mahindi na ndizi kando ya Tana, na kila kiangazi Adeer Gedi alileta mifugo yake kunywa maji karibu na shamba letu. Baba alimpa mahindi, yeye akatupa maziwa. Urafiki ulianza hapo, na utani pia, kwa sababu sisi wa mtoni tunakula samaki, na yeye haamini kwamba samaki ni chakula cha mtu mwenye akili timamu.

"Mnyama hana shingo," amekuwa akiniambia tangu nikiwa mtoto. "Wewe nachinja wapi?"

Moyo wake ulipoanza kumchosha hata kutoka chumbani kwenda msikitini ikawa safari, binti yake Habiba, mwenye duka la nguo, aliamua apelekwe Bangkok, ambako jirani yao alitibiwa akapona. Wanawe wa kiume wako ng'ambo. Mtu mwenye pasi ya kusafiria na asiye na kazi ya kumzuia nilikuwa mimi. Sikuombwa mara mbili. Nimekuwa tandiboi wa lori hadi Elwak, nimeuza viatu sokoni Hagadera, nimepikia wajenzi wa barabara. Nikikaa sana mahali pamoja naanza kugombana na watu bure.

Basi la Nairobi lilikawia pale ukaguzi, kuvuka tu daraja. Askari mmoja alitazama vitambulisho vyetu, akatutazama sisi.

"Huyu mzee ni nani wako?"

"Baba yangu."

"Wewe si Msomali."

Adeer Gedi akanijibia kutoka dirishani. "Huyu ni mtoto yangu. Samaki tu ndiyo imeharibu yeye."

Askari alicheka, akaturudishia vitambulisho.

Habiba alikuwa ametufungia kopo kubwa la nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, na akaniapisha kwamba halitaondoka mkononi mwangu. Uwanja wa ndege wakasema samli ni kimiminika, haipandi. Mzee aliposikia kwamba kopo litatupwa, alikaa chini pale pale kando ya mashine ya kukagulia mizigo, akalifungua, akasema bismillahi. Tulikula tukiwa tumekunja miguu sakafuni, watu wakituruka. Tulimpa hata yule aliyetuzuia. Alikula vipande vitatu na bado hakutubadilishia sheria.

Ndegeni tuliletewa sinia zenye samaki. Sitaeleza.

Bangkok

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Alizungumza kupitia Kiingereza changu cha sekondari na mkalimani wa hospitali, mwanamke Mwislamu kutoka kusini mwa nchi hiyo. Moyo wa mzee unaweza kutengenezwa, alisema, lakini mwili hauna akiba. Kufika kwetu hapo tayari alikuwa amekonda. Akiongeza kilo nne, atampasua. Asipoongeza, hatamgusa, kwa maana atampoteza mezani. Tule, tupumzike, turudi mwezi ujao.

Nilimtafsiria Adeer. Tunaongea Kiswahili, kwa sababu Kisomali changu kinamchekesha sana hata hasikii ninachosema.

"Kilo nne ni kitu gani?" akasema. "Hata mbuzi mdogo naongeza hiyo, mvua ikinyesha mara moja."

Lakini mvua yake haikunyesha. Bangkok yote ilimnukia samaki: wali, supu, hata ngazi za hoteli. Kuna mtaa wa Waarabu wenye mikahawa ya nyama, nikampeleka; alikula vijiko viwili akasema mafuta yanampanda kifuani. Usingizi hakupata kwa ajili ya magari. Siku zilivyokwenda saa yake ilianza kuzunguka mkononi, uso wa saa ukawa chini ya mkono badala ya juu, na kila akitaka kujua wakati wa swala ilibidi aitafute.

Tuliporudi kuchukua dawa, yule mkalimani alimtazama akasikitika. Akaniambia tuondoke mjini. Kusini kuna kisiwa kinaitwa Lanta. Watalii wengi wanakipenda, lakini wenyeji wake wengi ni Waislamu, hewa ni safi, na mbuzi wanatembea barabarani.

Nilimtafsiria mzee. "Amesema mbuzi?" akauliza.

Kusini

Basi lilituchukua mchana kutwa na zaidi. Nje ya dirisha ilikuwa michikichi, kisha miti ya mpira, kisha michikichi tena, kijani ambacho mtu wa Garissa hawezi kukiamini mpaka akiguse. Adeer hakufurahishwa. Alitafuta mahali ambapo mfugo ungepita akaona hapana. "Miti imesimama kama askari," alisema. "Mbuzi napita wapi?"

Tuliposimama kula, mama mmoja aliyeuza wali uliopikwa na nazi ndani ya mianzi alizitazama ndevu za mzee, nyekundu kwa hina, akamwamkia kwa viganja viwili kifuani kama mtu anayemwamkia shehe. Akampasulia mwanzi bila kutoza kitu. Mzee alikula nusu. Nilihesabu nusu hiyo kama ushindi.

Asubuhi iliyofuata gari dogo lilitufikisha kwenye feri, na hapo nilijisikia nyumbani kabisa, kwa sababu ilikuwa Likoni tupu: magari yamebanana, wauza karanga, pikipiki zinazojipenyeza, na mtu mmoja mwenye filimbi anayeongoza kila mtu na asiyesikilizwa na yeyote.

Upande wa kelele

Lanta ina mgongo wa kilima katikati. Upande wa magharibi ndio wa fukwe, na huko ndiko tulikoshushwa. Sasa mpate ule ukweli kidogo niliousema. Chumba chetu kilikuwa na baraza inayotazama bahari, na kati ya baraza na bahari walikuwa Wazungu wamelala kama nguo zilizoanikwa, na waliovaa walivaa kidogo.

Mzee alisimama mlangoni. "Hawa watu," akaniuliza taratibu, "wameibiwa nguo?"

"Wanapumzika, Adeer."

Aligeuza kiti kikatazama ukuta, akakaa hivyo siku zote tulizokuwa pale, tasbihi mkononi. Kwa hiyo aliyewaambia kwamba alitazama hakuwepo.

Chakula kilikuwa kamba, ngisi na samaki. Nilimpikishia mayai na wali. Nilimletea maziwa ya pakiti kutoka dukani, akayaonja, akasema hayo ni maji yaliyooshea karatasi. Muziki ulipiga tangu alasiri. Akaanza kuacha hata mayai, na mimi nikaanza kuogopa kwa namna ambayo sikumwonyesha. Nilikuwa nimemchukua mzee wa watu kutoka mikononi mwa binti yake.

Nje ya hoteli alikuwapo mwanamume wa makamo anayeendesha pikipiki yenye kitoroli cha abiria ubavuni, nusu ya tuktuk zetu. Jina lake Mat, na kila mtu alimwita Bang Mat. Bang kwao ni kaka. Kiingereza chake kilikuwa cha kubebea watalii, kama changu.

Nikamwambia nataka mbuzi.

"Kula?"

"Si kula. Maziwa."

Akanitazama. "Kwa mtoto mchanga?"

"Kwa mzee."

Alicheka mpaka akaegemea usukani, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Panda," akasema. "Mama mkwe wangu anao."

Nyuma ya kilima

Barabara inapanda kilima katikati ya miti ya mpira iliyokatwa magome mishazari, kila mti na kikombe chake kifuani kinachopokea utomvu. Ukishuka upande wa pili ni nchi nyingine. Bahari ya huko ni tope na mikoko, hakuna Mzungu wa kulala juu yake. Nyumba ni za mbao, zimesimama juu ya nguzo. Karatasi za mpira zilining'inia kwenye kamba kama taulo. Wanawake wenye mitandio walikuna nazi barazani, na wanaume walikaa kimya chini ya vizimba vya tetere, wakisikiliza ni tetere gani anaimba vizuri kuliko wa jirani. Hiyo ndiyo ilikuwa kelele yote.

Niliwaza Garissa ya utotoni mwangu, kabla ya jenereta na vipaza sauti vya maduka, wakati ulipoweza kusikia mtu anateka maji ng'ambo ya mto. Nilidhani kimya kile kimekwisha duniani.

Mbuzi walikuwa barabarani, kama mkalimani alivyosema. Mama mkwe wa Bang Mat anaitwa Halima, wote humwita Ma. Ni mjane, mnene kidogo, mwenye mikono ya kazi na jicho la kupima watu. Zizi lake liliniacha mdomo wazi: limejengwa juu ya nguzo, na lina ngazi. Jioni mbuzi hupanda mmoja mmoja kwenda kulala ghorofani kama wapangaji.

Nilionyesha mbuzi, nikaonyesha kikombe, nikaonyesha kunywa. Akaingia ndani akaniletea bakuli la tui zito la nazi. Nikakataa kwa adabu, nikachuchumaa, nikaigiza kukama. Ma alifunika mdomo kwa mtandio. Jirani aliita jirani. Nikaigiza tena, na safari hii mpaka wazee wa tetere walikuja.

Bang Mat akanieleza. Hapa hakuna anayekama mbuzi. Mbuzi ni wa akika, wa harusi, wa Idi. Maziwa ni ya watoto wa mbuzi. Kuyanywa ni kama kumpokonya mtoto wa mtu. Lakini Ma anasema kama mzee ni mgonjwa, na ni mgeni, na ni Mwislamu, aje ajaribu. Nyuma ya nyumba kuna chumba kitupu.

Mbuzi wa kahawia

Tulihamia siku hiyo hiyo. Mzee alishuka kitorolini akasimama akitazama zizi.

"Komora," akasema. "Mbuzi nalala juu?"

"Juu, Adeer."

"Na watu?"

"Juu pia."

"Kwa hiyo chini ni ya nani?"

Alfajiri alikwenda msikitini kwa fimbo, akarudi amenyooka mgongo. Imamu alikuwa amesoma kunuti, ile dua ya kusimama, katika swala ya asubuhi, kama tunavyosoma sisi. Bangkok alikuwa amejiona yuko mwisho wa dunia. Sasa alikuwa na watu.

Akasimama kati ya mbuzi wa Ma, mkono nyuma, akiwatazama mmoja mmoja bila haraka. Akachagua wa kahawia mwenye kitoto kimoja. "Huyu," akasema, "ana maziwa ya wawili." Alichuchumaa nyuma yake, akamwimbia kwa pua wimbo ambao nilikuwa nikiusikia kando ya Tana, na mbuzi wa Lanta ambaye hakuwahi kukamwa na mtu akasimama. Yalitoka maziwa nusu kikombe, na povu. Nikasema lazima yachemshwe, daktari aliagiza. Akasema daktari hajui maziwa. Nikachemsha. Akanywa mpaka chini, akafuta ndevu, akanipa kikombe kama anayesema niongeze.

Ma na majirani walikuwa wamejipanga barazani. Hakuna aliyecheka.

Kilichopakwa

Sasa hapa naomba wafugaji mnisaidie kueleza, kwa sababu kule sikuweza.

Mbuzi ana chuchu mbili. Mfugaji huchukua moja, na moja ni ya kitoto. Akichukua zote ni mwizi. Lakini kitoto hakijui sheria hiyo, usiku kinanyonya zote, na asubuhi mtu anakuta kiwele kitupu. Basi jioni mfugaji huchukua kinyesi cha mbuzi, hukilainisha kwa maji, akakipaka kwenye chuchu moja. Kitoto kikinusa kinaikataa, kinanyonya ile nyingine. Asubuhi unaosha, unakama. Kila mtoto wa Garissa amewahi kuona hivyo.

Ma hakuwahi. Alikwenda zizini asubuhi akamkuta mbuzi wake mzuri amepakwa mavi kwenye ziwa. Kilio chake kilinitoa chumbani.

Na ilikuwa siku mbaya kwa jambo lingine. Tangu tufike alikuwa akituletea kila jioni sahani ya samaki wa mchuzi wa manjano, chakula chake bora, na mimi nilikuwa nikimshukuru na kusema mzee bado tumbo lake dhaifu. Jana yake alikuwa ameingia na sahani mwenyewe, ghafla, akamkuta mzee ameziba pua kwa shuka.

Alimwosha mbuzi kwa sabuni huku akisema mfululizo. Bang Mat alitafsiri kidogo tu, nadhani kwa huruma. "Anasema chakula chake kinamnukia mzee, lakini mavi hayamnukii."

Ngazi ya zizi ikafungwa kwa kamba.

Nikarudi kumweleza. "Anafikiri mimi mchawi?" mzee akauliza.

"Anasema umemchafua mbuzi wake."

"Mimi?" Alikaa kitandani. "Mimi nimechafua mbuzi?"

Nimemwona Adeer Gedi akipoteza mifugo kwa ukame, nusu ya zizi kwa msimu mmoja, na hakuwa na uso ule. Akalala kuelekea ukuta. Siku ile na iliyofuata alikunywa chai ya rangi tu. Nilimsihi, nikamwambia habari ya kilo nne, nikamtajia Habiba. Akasema turudi nyumbani, yeye afe mahali ambapo watu wanajua mbuzi. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka. Nilikwenda nikakaa chini ya zizi, na kama kuna mtu alinisikia nikilia, alikuwa mbuzi.

Kikombe na sahani

Bang Mat alikuja adhuhuri na ujumbe. Ma anataka mzee aje mezani kwake.

"Kufanya nini?"

"Yeye atakunywa maziwa yenu," akasema Bang Mat. "Mzee atakula samaki wake. Akikataa, mwende salama."

Nilimtafsiria, nikitegemea anifukuze. Akageuka kutoka ukutani. "Yeye hajawahi kunywa?"

"Hajawahi. Anaona kinyaa, kama wewe na samaki."

"Basi yeye pia naogopa," akasema, akatafuta viatu vyake.

Meza ilikuwa barazani. Ma alikuwa amefungua zizi mwenyewe, na mzee akakama mbele ya wote, chuchu moja tu, akinyanyua vidole kumwonyesha ile nyingine haiguswi. Nikachemsha. Kikombe kikawekwa mbele ya Ma, sahani mbele ya Adeer: kipande cha samaki mweupe, nimetoa miiba mwenyewe kwa vidole vyangu vya mtoni.

Wakatazamana.

"Mwenye nyumba kwanza," akasema mzee.

Bang Mat akatafsiri, akarudi na jibu. "Mgeni kwanza."

"Mwambie sisi kwetu mwanamke natangulia."

Sijawahi kuona mwanamke akitangulia kwao kwenye sahani yoyote, lakini nikapeleka ujumbe. Ma akasema kitu kifupi, na wazee wa tetere wote wakacheka. Bang Mat amekataa kukitafsiri mpaka leo. Mtu mmoja alikuwa amenyanyua simu anapiga picha, na hiyo picha ndiyo iliyowafikia hapa Garissa: mzee mwenye ndevu za hina na mama mwenye mtandio mpya wanatazamana mezani, kundi la watu nyuma wanafurahi. Ndoa yenyewe ndiyo hiyo.

Mwishowe nikasema waanze pamoja. Bang Mat akahesabu kwa Kiarabu, lugha pekee iliyowatosha wote. Wahid, ithnin, thalatha.

Adeer Gedi akaweka samaki mdomoni. Alitafuna polepole, macho amefumba, kama mtu anayengoja kitu kimjibu. Akameza.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Kama kuku imeanguka mtoni," akasema. "Ikakaa huko."

Upande wa pili Ma alikuwa amekunywa funda moja, akaishia hapo, kikombe karibu na pua. Nilidhani atatapika. Akasema kitu taratibu. Bang Mat akainama kwangu.

"Anasema ni harufu ya shati la mumewe. Mume ndiye aliyenunua mbuzi hawa. Jioni akitoka zizini alinuka hivi."

Ma alimaliza kikombe chote. Mzee, ambaye sikuwa nimemtafsiria bado, alivuta sahani akachukua kipande cha pili.

Mzani wa mpira

Tangu siku hiyo Ma alipaka chuchu mwenyewe, mkono ameufunga kwa jani la mgomba, za mbuzi wa kahawia na wengine wawili. Alikuwa akipaka vibaya, na mzee alikuwa akimwambia hivyo kwa Kisomali, naye akimjibu kwa Kithai, na walielewana kuliko mimi na yeyote kati yao. Maziwa yakazidi. Wazee wa tetere walianza kuja na vikombe, kwanza kwa utani.

Mzee alikula samaki adhuhuri na jioni. Alisema ni dawa. Dawa hiyo alianza kuichagulia sehemu, akapenda karibu na mkia. Mimi nilikaa nao barazani, nikajifunza kukuna nazi kwa mbuzi yao, kibao cha kukunia, ambacho ni kama cha Pwani. Nilimsaidia Bang Mat kugema mipira asubuhi, na mchana nililala usingizi wa mtu asiye na anakokwenda. Sijui lini mara ya mwisho nililala hivyo.

Kijijini kuna mnunuzi wa mpira mwenye mzani mkubwa wa chuma. Tulimpandisha mzee siku chache kabla ya kuondoka, kijiji kizima kimezunguka, kila mtu na makadirio yake. Alikuwa ameongeza kilo tatu na kitu. Ikasemwa kwamba mzani ni mwongo, mnunuzi akasema mzani wake haujawahi kusema uongo, na hilo peke yake lilizua mabishano ya nusu saa. Mtu akapendekeza mzee aweke mawe mfukoni siku ya hospitali.

"Daktari atapasua mawe?" akauliza Adeer.

Ma akaingia jikoni. Jioni ile sahani zilikuwa mbili. Asubuhi ya mwisho kabla ya siku ya safari tukampandisha tena, na mshale ukapita pale tulipotaka upite, kidogo tu, ukabaki hapo ukitetemeka. Wale wanaume wa tetere, ambao huwa hawapazi sauti wasije wakawashtua ndege wao, walipiga takbira.

Yaliyotokea Bangkok mnayaona kwa macho yenu. Anakwenda msikitini bila fimbo, na wiki iliyopita aliniharibia bei ya beberu mbele ya mnunuzi. Kuhusu samaki, nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika. Alifikiri sana. Akasema niandike, ila niandike pia kwamba aliambiwa na daktari.

Siku ya kuondoka

Bang Mat alikuwa amenitaka nibaki Lanta. Angeninunulia pikipiki ya zamani, ningebeba watu upande ule wa kilima, chumba cha nyuma kingekuwa changu. Nilikuwa nimefikiria hata rangi ya kitoroli. Mtu aliyeishi kama mimi anajua sauti ya mahali panapomtaka, na nilikuwa nimeisikia. Lakini nilikuja na mzee wa watu, na ilinipasa nirudi naye. Naijua barabara ile, najua pia kwamba sitaipita tena.

Nilifunga mizigo. Nilipotoka sikumwona Adeer barazani. Nilimkuta ghorofani kwa mbuzi, amepanda ngazi peke yake, jambo ambalo mwezi uliotangulia lingemwangusha. Hakuwa na kikombe. Alikuwa na chupa ya maji ya uvuguvugu na kitambaa.

Alichuchumaa nyuma ya yule wa kahawia, akaiosha ile chuchu iliyopakwa usiku. Aliiosha vizuri, akaikausha, akainusa, akaiosha tena. Kisha akasogea pembeni na kukivuta kitoto kwa mguu.

"Sasa zote," akakiambia kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili.

Ma alikuwa chini ya ngazi, mkono mmoja umeshika nguzo, na aliona. Hakuna aliyetafsiri chochote. Nje Bang Mat alikuwa ameshawasha pikipiki.

Kitoto kilinusa chuchu yake, kikanusa ile iliyooshwa, kikarudi kwa yake. Kikasimama katikati, kichwa huku na huku, hakijui kianze na ipi. Mzee alingoja mpaka kikaanza, ndipo akanipa mkono nimshushe.